Yamashita na zile mechi 203: ukweli uko wapi?

Ukikaa na watu wa judo hata nusu saa tu, lazima atokee mtu amtaje Mjapani Yasuhiro Yamashita, na akishamtaja lazima ifuate ile namba, 203, halafu baada ya namba inakuja stori ya yule Mmisri aliyekataa kumpiga kwenye mguu mbovu. Hivi vitu viwili vimezunguka mitandaoni miaka nenda rudi na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, wengine wanakwambia alishinda mara 203 mfululizo bila kupumua, wengine wanasema dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles 1984 alipewa bure kwa huruma. Zote mbili si kweli hivyo, na ukizifungua vizuri unakuta jamaa alikuwa mkali zaidi ya stori yenyewe. Ngoja tuzichambue taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo, manake bila hapo namba haziongei kitu. Kwenye judo kuna ushindi kamili, unaitwa ippon, unapatikana ukimrusha mpinzani akatua mgongo kwa nguvu na kasi, au ukimbana chini mgongo ukiwa kwenye mkeka kwa muda fulani (enzi za Yamashita zilikuwa sekunde 30, sasa ni 20), au ukimkaba shingo au kumkunja kiwiko mpaka agonge kuomba basi. Chini ya ippon kulikuwa na pointi ndogondogo, wazaari, yuko na koka, na hiyo koka ndo ilikuwa ndogo kuliko zote, ni kama kumkalisha mtu tu. Muda ukiisha hakuna aliyepata cha maana marefa wanaamua kwa bendera nani alikuwa bora, au kwenye baadhi ya mashindano hasa ya timu mnapewa sare mnaondoka. Hiyo sare ishike, tutairudia.

Yamashita kazaliwa Juni 1957 mkoa wa Kumamoto, kusini kule kisiwa cha Kyushu, mtoto mnene mwenye nguvu kuliko wenzake na mtundu kupita kiasi, mwenyewe kasimulia mara nyingi kwamba kuna watoto walikuwa wanagoma kwenda shule kwa kumwogopa yeye. Nyumbani wakaona dawa ni kumpeleka judo, kule kuna sheria na adabu, nguvu zake zitapata pa kwenda. Na zikapata kweli. Akiwa kijana wa sekondari akahamishiwa karibu na Tokyo, kwenye shule ya Sagami iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Tokai, akawa mikononi mwa kocha Nobuyuki Sato ambaye naye aliwahi kuwa bingwa wa dunia, na huyu Sato ndo aliyemtengeneza hasa kwenye mapambano ya chini. Watu wanasahau hili. Wanamkumbuka Yamashita kwa kurusha, ila wapinzani wake walikuwa wanaogopa zaidi kinachofuata mkishadondoka.

Kimo chake sentimita 180, uzito kilo kama 127 hivi na kuendelea, kwa hiyo si jitu la kutisha ukilinganisha na mabonge ya Kirusi na ya Kijerumani aliyokuwa anapambana nayo. Alikuwa anacheza mkono wa kushoto. Kumbuka hili pia, manake stori nzima ya Los Angeles imekaa hapo.

Mwaka 1977 akiwa na miaka 19 akachukua ubingwa wa Japan yote, mashindano yanayofanyika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, kila Aprili 29. Kwa Mjapani wa judo hili kombe ni zito kuliko ubingwa wa dunia, wengine watakubishia, ila ukweli ni kwamba halina uzito maalumu, mtu wa kilo 80 anaweza kupangiwa wa kilo 140, na wote mle ndani ni Wajapani waliokulia kwenye mchezo. Yamashita alilichukua 1977, akalichukua 1978, akaendelea hivyohivyo mpaka 1985. Mara tisa mfululizo! Mimi ukiniuliza, hii tisa ndo inapaswa kuandikwa juu ya jina lake badala ya 203, ila basi, watu wanapenda namba kubwa.

Sasa hiyo 203. Ilianzia Oktoba 1977 ikaishia Aprili 1985 siku alipochukua kombe lake la tisa, na katika kipindi chote hicho hakuna mtu aliyemfunga. Mpaka hapo hakuna utata. Utata unakuja pale watu wanaposema alishinda kila mechi aliyopanda mkekani, hapana, katikati ya ushindi huo kuna sare, zinazotajwa ni 7, ambazo hazikuhesabiwa kuwa zimekata mfululizo. Ni kama Arsenal ya msimu wa 2003/04, wote tunasema hawakufungwa na ni kweli, mechi 38 hakuna aliyewafunga, lakini 12 kati ya hizo zilikuwa sare na hakuna anayesema walishinda ligi nzima. Yamashita ni hivyohivyo, rekodi ya kutofungwa, na wenyewe Japan wanapoiandika wanaweka maelezo kwamba sare zimo. Huku nje yale maelezo ndo yalidondoka njiani.

Hesabu za maisha yake yote kwenye mchezo zinazotolewa ni mechi 559, kashinda 528, kapoteza 16, sare 15. Na dhidi ya wageni, yaani wote wasio Wajapani, kashinda 116, sare 3, kufungwa sifuri. Soma tena hapo. Tangu aanze mpaka anastaafu hakuna mgeni aliyewahi kumfunga, zile 16 zote alifungwa na ndugu zake wa Japan, tena nyingi akiwa bado kinda.

Na kati ya zile sare kuna moja ambayo ukiijua unaacha kubishana kuhusu namba kabisa.

Ilikuwa Mei 1980. Ili uelewe uzito wake rudi nyuma kidogo, Desemba 1979 Wasovieti wameingia Afghanistan, Rais Carter wa Marekani anataka dunia nzima igomee Olimpiki ya Moscow, na serikali ya Japan inambana kamati yake ya Olimpiki ifuate mkumbo. Aprili wanamichezo wakaitwa kwenye mkutano Tokyo watoe maoni yao, na picha zilizobaki za siku ile ni wanaume wazima wanalia mbele ya kamera, mmoja ni mpiga mieleka Yuji Takada, mwingine ni Yamashita, kijana wa miaka 22, bingwa wa dunia wa mwaka mmoja nyuma, anaomba aruhusiwe kwenda. Haikusaidia. Mei 24 kamati ikapiga kura, Japan haiendi.

Huku kwetu hili tunalielewa bila kuelezwa sana, Kenya nayo iligoma mwaka huo na ilishagoma 1976, ndo maana Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 alistaafu bila kukanyaga Olimpiki hata moja. Tanzania yenyewe ilikosa Montreal 1976 wakati Filbert Bayi yuko kwenye ubora wake, ila Moscow ikaenda na Bayi akarudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Kwa hiyo Yamashita alikuwa kundi la akina Rono, wale waliokaa nyumbani wakitazama.

Basi mwezi huohuo, kwenye mashindano ya Japan yanayopangwa kwa uzito, Yamashita akakutana na Sumio Endo. Endo si mtu wa kubeza, bingwa wa dunia 1975 na tena 1979, na alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wanamsumbua Yamashita kwelikweli. Kwenye pambano lile Endo akatumia mtindo unaitwa kani-basami, unajitupa ubavu, mguu mmoja unapita mbele ya mwili wa mpinzani na mwingine nyuma ya miguu yake, halafu unafunga kama mkasi na kumwangusha kinyumenyume. Ukikaa vizuri mtu anaanguka tu, ukikosea kidogo uzito wote wa miili miwili unashukia kwenye mguu mmoja uliokita chini. Ukashukia mguu wa kushoto wa Yamashita, mfupa mwembamba wa chini ya goti ukavunjika.

Mfupa umevunjika, pambano haliwezi kuendelea, marefa wakaamua sare. Sasa hapo kila mtu ana maoni yake, wapo wanaosema kwa haki Endo angepewa ushindi kwa sababu mtindo ule wakati huo ulikuwa halali na mwenzake ameshindwa kuendelea, na kama angepewa basi mfululizo ungekatika palepale 1980 na tusingekuwa na 203 ya kuzungumzia. Wengine wanasema hata kuitwa sare ni kumwonea Yamashita. Mimi naona sare ilikuwa uamuzi wa kibinadamu zaidi kuliko wa kitabu, na sioni tatizo, lakini anayesema rekodi ina kiraka asitukanwe, kiraka kipo. Kani-basami yenyewe baadaye ilipigwa marufuku na leo ukiitumia kwenye mashindano unatolewa.

Alirudi 1981 akaenda Maastricht, Uholanzi, akachukua ubingwa wa dunia mara mbili kwenye mashindano yaleyale, uzito wa juu na ule wa wazi usiojali kilo. Mguu umepona. 1983 Moscow akachukua tena, Moscow ileile aliyozuiwa kwenda.

Tufike Los Angeles sasa.

Agosti 11, 1984, ukumbi wa chuo kikuu cha California State pale Los Angeles, kitengo cha uzito wa wazi. Kwa nini wa wazi na si wa juu? Kwa sababu kwa Wajapani hiki ndo kidonda. Tokyo 1964, judo inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, nyumbani kwao, Mholanzi Anton Geesink akambana Akio Kaminaga kwenye fainali ya uzito wa wazi mbele ya umati uliokaa kimya, na tangu siku hiyo taji la wazi likawa kama deni la taifa. 1972 likaenda tena Uholanzi kwa Willem Ruska, 1976 Haruki Uemura akalirudisha, 1980 hawakuwepo. Uzito wa juu mwaka 1984 wakampa Hitoshi Saito, na akaleta dhahabu. Wa wazi ukabaki kwa Yamashita, miaka 27, Olimpiki yake ya kwanza na kila mtu anajua itakuwa ya mwisho.

Raundi ya kwanza akammaliza Msenegali haraka, hakuna cha kusimulia. Raundi ya pili akapangiwa Arthur Schnabel wa Ujerumani Magharibi, na katikati ya pambano wakati anaingia kurusha akasikia kitu kimekatika kwenye kigimbi cha mguu wa kulia. Msuli umechanika. Alimalizana na Schnabel chini kwa kumkaba kwa kola, ila alipoinuka na kutoka mkekani ukumbi mzima ukamwona anachechemea, na wapinzani wake wakamwona pia.

Hapa ndo turudi kwenye ule mkono wa kushoto. Silaha yake kubwa ilikuwa osotogari ya kushoto, unamsogelea mpinzani mkiwa mmeshikana, unakita mguu wako wa kulia pembeni yake, uzito wote unaubeba mguu huo mmoja, halafu wa kushoto unafagia mguu wake kutoka nyuma. Uchimata yake ya kushoto, mtindo mwingine wa kurusha, nayo inasimamia mguu huohuo wa kulia. Kwa hiyo kilichochanika ni ule mguu anaousimamia kila anaporusha, yaani mtu akikwambia angeumia wa kushoto ingekuwa afadhali hakosei sana. Kila shambulio kuanzia hapo ni kusimama kwa mguu mmoja ulio mbovu huku umemshika mtu wa kilo zaidi ya mia anayekataa kwenda unakotaka aende.

Nusu fainali ni Laurent Del Colombo wa Ufaransa, na hakusubiri. Mapema kabisa akamwingilia Yamashita kwa osotogari, mtindo wa Yamashita mwenyewe, akamwangusha akapata koka. Pointi ndogo, lakini ilikuwa Yamashita yuko nyuma, kitu ambacho watu walikuwa hawajakizoea kabisa. Kama unataka kujua jamaa alikuwa mtu wa aina gani itafute hiyo nusu fainali, achana na fainali. Alichofanya ni kumrudishia osotogari ileile akisimamia mguu uleule uliochanika, akamwangusha, na kabla Mfaransa hajakusanya akili akawa ameshambana ubavu kwa ubavu, ippon. Hakutafuta njia ya kuukwepa mguu mbovu, aliukita akaulipia.

Fainali: Mohamed Ali Rashwan wa Misri, kijana wa Alexandria, Mwafrika tuliyekuwa naye hapo juu kabisa. Fainali yenyewe fupi, dakika moja na kitu. Rashwan akaingia na shambulio, Yamashita akakwepa, Rashwan akakosa mizani, wakaenda chini, na chini tumeshasema ni kwa nani. Yamashita akambana ubavuni, Rashwan akapambana kutoka, akashindwa, kengele. Yamashita akalia waziwazi. Kwenye jukwaa la medali Rashwan akamshika mkono kumsaidia kupanda, na ile picha ndo iliyotembea duniani.

Baada ya hapo Rashwan akasema hakutaka kuulenga mguu mbovu wa mwenzake, kwamba hakuona ushindi wa namna hiyo una maana kwake. Akapewa tuzo ya kimataifa ya uchezaji wa haki, Japan ikampenda moja kwa moja, akaoa huko, na mwaka 2019 serikali ya Japan ikampa nishani ya Jua Linalochomoza. Stori nzuri na mwisho mzuri.

Lakini kuna watu wameukalia mkanda wa video wa ile fainali wakautazama polepole, wakasema mbona anashambulia pande zote, ukiwemo wa kulia? Ndipo ukazuka ubishi wa miaka, kundi moja linasema Rashwan ni malaika, lingine linasema ni stori ya magazeti tu. Nadhani yote mawili yanakosea mahali pamoja, wanaichukulia judo kana kwamba unachagua mguu kama unavyochagua embe sokoni. Mtu anayecheza mkono wa kulia akiingia na mtindo wake wa siku zote, ule wa kufagia kwa nyonga, mguu wake wa kulia unaelekea upande wa kulia wa mpinzani, ndivyo ulivyo na ndivyo alivyoufanyia mazoezi miaka yote, hawezi kuugeuza ndani ya dakika moja ya fainali ya Olimpiki. Kupeleka mtindo wako wa kawaida ni jambo moja. Kukaa unapiga kigimbi kilichochanika kwa nyayo, teke juu ya teke, mpaka mwenzako ashindwe kusimama, hilo ni jambo jingine, na sheria zilikuwa hazimzuii kulifanya. La pili ndilo ambalo Rashwan hakulifanya. Kwa hiyo tuzo yake ni halali na mkanda pia uko sahihi, hakuna anayemdanganya mwenzake hapo.

Na wanaosema aliachiwa wamkosee adabu nani kwanza, Yamashita au Rashwan? Mtu kapambana kutoka chini ya kilo 127 kwa sekunde 30 nzima halafu unasema alimwachia. Rashwan alikuwa anaitaka dhahabu, alikuja kuichukua, akakutana na mtu ambaye hata kwa mguu mmoja akikushika chini huinuki.

Oktoba mwaka huohuo waziri mkuu Nakasone akampa Yamashita Tuzo ya Heshima ya Taifa, tuzo ambayo Japan huwa inaitoa kwa watu wachache sana. Alipigana mwaka mmoja zaidi. Aprili 1985 fainali ya Budokan akakutana na Saito kwa mara ya tatu mfululizo, na hii ni mechi nyingine ambayo Wajapani wa umri fulani bado wanaibishania, kwa sababu Yamashita alijaribu kumwangusha kwa mguu, Saito akamgeuzia kibao, Yamashita akaenda chini, marefa wakanyamaza, hakuna pointi. Mwisho wakaamua kwa bendera, Yamashita. Ukiitazama leo kwa sheria za leo sijui, mimi moyo wangu uko na Saito pale. Bingwa wa Olimpiki 1984, akaja kuwa bingwa tena Seoul 1988 akiwa Mjapani pekee wa judo aliyerudi na dhahabu, na bado enzi zote za Yamashita hakuwahi kumfunga. Juni 1985 Yamashita akatangaza kustaafu, ametimiza miaka 28 tu.

Baada ya hapo maisha yake yamekuwa ya ofisi, na ofisini hakuna ippon. Kuanzia 1992 mpaka 2000 alikuwa kocha mkuu wa wanaume wa Japan, na kumbukumbu chungu ya kipindi hicho ni Sydney 2000, fainali ya uzito wa juu, Shinichi Shinohara na Mfaransa David Douillet. Douillet akaingia na uchimata, Shinohara akautoa mguu njiani akamgeuza hewani, Douillet akatua mgongo. Mwamuzi mmoja wa pembeni akaonyesha ippon kwa Shinohara, refa wa kati akampa Douillet yuko, na Douillet akaondoka na dhahabu. Yamashita alipanda kulalamika, ila kwa utaratibu wa wakati ule marefa wakishatoka mkekani matokeo yamefungwa, hayafunguki. Zile kelele ni moja ya mambo yanayotajwa kuwa yalisukuma judo kuanza kutumia video.

Akaingia shirikisho la dunia kama mkurugenzi wa elimu mwaka 2003, mwaka 2007 akagombea tena akaangushwa na Mohammed Meridja wa Algeria, na Japan ikashtuka kugundua kwamba kwenye mchezo walioubuni wao jina kubwa haliwapi kura. Alianzisha shirika la kukusanya nguo za judo zilizotumika na kuzipeleka nchi zisizo na uwezo. Mwaka 2013 wanawake 15 wa timu ya taifa ya Japan waliposema wazi kwamba wanapigwa na kutukanwa na kocha wao, kashfa ikatikisa nchi nzima, na Yamashita akawekwa kuongoza kazi ya kukomesha ukatili ule ndani ya shirikisho. 2017 akawa rais wa shirikisho la judo la Japan, 2019 rais wa kamati ya Olimpiki ya Japan, ileile iliyomkatalia kwenda Moscow. Hapa sifa hazikuwa tamu tu, alilaumiwa kwa kufunga vikao vya bodi waandishi wasiingie, na mwaka 2021 rais wa kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo alipowasema wanawake vibaya wengi waliona Yamashita alikuwa mpole kupita kiasi. Nakubaliana nao.

Na kuna la Putin. Walifahamiana miaka mingi kupitia judo, Putin ana mkanda mweusi na alishafika Kodokan, makao makuu ya judo Tokyo, mwaka 2000, walishapiga picha za kutosha pamoja. Urusi ilipoivamia Ukraine 2022 watu wote wakageuka kumtazama Yamashita atasema nini, akatoa taarifa kama rais wa shirikisho kwamba kitendo kile kinakwenda kinyume kabisa na roho na malengo ya judo. Maneno machache, hakuzunguka.

Oktoba 2023 akiwa Hakone, kwenye maji ya moto ya asili, alianguka akaumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, kitu ambacho kimemwacha hana nguvu ya kuutembeza mwili wake mwenyewe, na mwaka 2025 uongozi wa kamati ya Olimpiki ukaenda kwa mwingine, Seiko Hashimoto.

Swali linalobaki kila judo ikitajwa ni kama 203 itavunjwa. Aliyekaribia ni Teddy Riner wa Ufaransa, kuanzia alipofungwa na Mjapani Daiki Kamikawa 2010 alishinda mechi 154 mpaka Februari 2020 alipofungwa Paris na Mjapani mwingine, Kokoro Kageura. Halafu mwaka 2024 kwenye fainali ya timu ya Olimpiki ya Paris, matokeo yako 3 kwa 3, bahati nasibu ikachagua pambano la uzito wa juu liamue, na aliyesimama mbele ya Riner akapoteza ni Tatsuru Saito, mtoto wa yule Hitoshi Saito. Ila kuzipanga 154 na 203 kwenye mizani moja si sawa. Za Riner zote ni ushindi, sare hakuna kwa sababu siku hizi muda ukiisha mnaendelea mpaka mmoja apate pointi au adhabu zimzidi. Kwa upande mwingine Riner anachagua mashindano, mengine ya mwaka mzima anayaacha, wakati Yamashita alikuwa anapanda mkekani kwenye mechi za chuo, za timu, za uzito na za Budokan, na mbele yake mara nyingi ni Mjapani anayemjua mpaka anavyopumua.

Wachezaji wakubwa wa sasa wanacheza mashindano machache kwa mwaka, kwa hiyo hata usipofungwa kabisa unahitaji miaka mingi kufika 203, na Yamashita alizifikisha kwa miaka saba na nusu.